UCHAMBUZI: Mpaka wapandisha bei ya profesa, vyuo vyatafuta njia nyingine

Mfanyabiashara anayevusha mzigo Namanga au Busia anajua kwamba tozo ikipanda ghafla kituo kimoja, mzigo haupotei bali hutafuta njia nyingine. Hali hiyo sasa inaonekana katika soko ambalo wengi hawalihesabu kuwa soko, yaani ajira ya maprofesa wa vyuo vikuu.

Septemba 19, 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini agizo la kutoza dola 100,000 kwa kila ombi jipya la viza ya kazi ya H-1B kwa mtaalamu aliye nje ya nchi hiyo. Lilianza kutumika siku mbili baadaye, kwa muda wa miezi 12 unaoweza kuongezwa. Kabla ya hapo ada za ombi moja zilikuwa dola elfu chache. Kwa msafirishaji, dola 100,000 ni fedha ya kununua kichwa cha lori kilichotumika pamoja na tela lake.

Vyuo vikuu vya Marekani huitumia viza hiyo kuajiri wahadhiri wa kigeni. Kwa miaka mingi vilikuwa na nafuu, kwani havikuhesabiwa katika ukomo wa viza 85,000 kwa mwaka unaoyabana makampuni. Agizo hilo halikuvipa msamaha wa jumla. Oktoba 2025 chama kikuu cha wafanyabiashara nchini humo kilikwenda mahakamani kulipinga, na umoja wa vyuo vikuu vya utafiti ukajiunga na kesi hiyo.

Bidhaa adimu, wanunuzi wengi

Fani moja inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Nyurosayansi ya kompyuta ni taaluma inayotumia hesabu na programu za kompyuta kueleza jinsi ubongo unavyojifunza na kuamua. Chuo kinachotangaza nafasi hiyo kinamtaka mtu mmoja mwenye ujuzi wa hesabu, kompyuta na baiolojia kwa pamoja. Watu wa namna hiyo ni wachache popote duniani.

Aidha, chuo hakishindani na vyuo vingine pekee. Demis Hassabis, aliyepata shahada ya uzamivu ya nyurosayansi mjini London mwaka 2009, alianzisha kampuni ya DeepMind mwaka uliofuata, na mwaka 2014 ikanunuliwa na Google. Sekta ya uchukuzi nayo imo. Mwaka 2015 kampuni ya Uber, mwaka ule ule ilioingia Nairobi, ilichukua watafiti na mafundi wapatao 40 kutoka kituo cha roboti cha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ili watengeneze magari yanayojiendesha. Kituo kilichojengwa kwa miaka mingi kiliachwa na pengo kubwa kwa muda mfupi.

Kwa hiyo mshahara ni sehemu tu ya bei. Profesa wa fani hii huuliza pia fedha za kuanzia utafiti, kompyuta kubwa, posho za wanafunzi wake, ajira ya mwenzi wake na kibali kitachukua miezi mingapi. Tozo ya mpakani huongezwa juu ya hayo yote.

Njia nyingine zimefunguliwa

Wenzao hawakulala. Ujerumani ina tuzo ya uprofesa ya Humboldt, inayotoa euro milioni 3.5 kwa miaka mitano kwa wanaofanya kazi ya nadharia, na milioni 5 kwa wenye maabara. Miongoni mwa walioipata ni Mwingereza Peter Dayan, bingwa wa fani hii, aliyehama London kwenda Tübingen mwaka 2018.

Mei 2025 Umoja wa Ulaya ulitangaza euro milioni 500 za kuvuta watafiti kati ya 2025 na 2027. Kanada nayo, katika bajeti ya Novemba 2025, ilitenga dola zake bilioni 1.7 kuvuta watafiti zaidi ya 1,000. Mmoja anapandisha tozo, wengine wanalipa nauli ya abiria.

Mzigo unapita, mwalimu anasubiri

Afrika Mashariki haina mabilioni hayo. Hata hivyo, ina jambo moja isilohitaji kulinunua, nalo ni ukaribu. Itifaki ya Soko la Pamoja, inayohusu pia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, ilianza Julai 1, 2010. Mei 2017, wakuu wa nchi wakiwa Dar es Salaam, walitangaza jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu.

Utekelezaji ndio tatizo. Katika itifaki kila nchi ilijiwekea orodha yake ya kazi inazozifungua. Mhadhiri Mkenya anayeajiriwa Tanzania bado anahitaji kibali cha kazi kutoka mamlaka ya kazi na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji, na vyeti vyake vya nje vinahitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Wakati huo huo kontena la Mombasa kwenda Kampala, chini ya Himaya Moja ya Forodha iliyoanza 2014, linalipiwa kodi kabla ya kuondoka bandarini, na Malaba linakaguliwa katika kituo kimoja cha pamoja.

Kwa fani zenye walimu wengi, ucheleweshaji huo ni usumbufu. Kwa fani yenye watu wachache, ni hasara kamili, kwa sababu mtaalamu aliyekaa miezi akisubiri barua atapokea ofa ya Ulaya au ya kampuni. Hasara hiyo inamgusa mfanyabiashara anayelipa ada ya mwanawe, kwani kozi isiyo na profesa hufundishwa nusunusu au humlazimu kijana kwenda ng'ambo kwa fedha za kigeni.

Hatua ya kwanza haihitaji mkopo: ombi moja, dirisha moja na muda maalumu wa kujibu, kama ilivyo kwa mzigo. Vyama vya wafanyabiashara na wasafirishaji, vilivyopigia kelele foleni za mpakani, vina hoja ile ile ya kuipeleka Arusha kwa niaba ya walimu. Mpaka uliojifunza kupitisha saruji bila kuishusha mara mbili hauna sababu ya kumshusha mwalimu mara tatu.