Ndugu Zangu wa Kifaru, Tusingoje 2029

Ndugu zangu wa Kifaru, na ninyi wa Mwanga na Same, kampeni zimekwisha. Magari ya vipaza sauti yameshapita barabara kuu na hayatarudi karibuni. Uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji na vitongoji unatarajiwa tena 2029, na wa rais, wabunge na madiwani 2030. Ninachowaomba kinahusu miaka hii iliyo katikati, ambayo tumezoea kuwaachia wengine.

Najua wengi wamechoka, na sitaki kupita juu ya uchovu huo kimyakimya. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, CCM ilitangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98 ya nafasi, na vyama vya upinzani vililalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa kabla ya siku ya kura. Tarehe 29 Oktoba 2025 tukaenda kwenye uchaguzi mkuu ambao CHADEMA hawakuwemo. Yakazuka maandamano, watu wakauawa, intaneti ikazimwa, na familia nyingi za nchi hii zimebaki na msiba. Baada ya hayo, mtu akisema hataki tena kusikia habari za siasa, namwelewa. Yeye ndiye ninayemwandikia kwanza.

Tena sheria yetu imeubana mlango. Hata mwenyekiti wa kitongoji, ambaye kazi yake ni kusuluhisha mpaka wa shamba na kumjua mgeni aliyehamia juzi, lazima adhaminiwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alipigania mgombea binafsi mahakamani kwa miaka mingi. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapo Arusha, ikampa haki. Mtikila alifariki 2015, na mgombea binafsi bado hajaruhusiwa. Kwa hiyo mwananchi asiye na chama, au ambaye chama chake kimekatwa, anajiona hana pa kusimamia.

Anapo. Na sisi wa Upare ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kulisahau hilo.

Miaka ya 1940, serikali ya Waingereza ikishirikiana na baraza la watemi tisa wa Upare ilileta kodi iliyoitwa mbiru. Kila mtu alikadiriwa kwa mali aliyonayo: mifugo yake, kahawa yake, shamba lake. Wazee wetu hawakukataa kulipa kodi. Walichokataa ni ule ukadiriaji, uliofanywa bila wao kuulizwa. Januari 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani hadi Same, makao ya wilaya, wakakaa. Hawakuja kwa siku moja wakapiga kelele na kuondoka. Walikaa miezi, wakipokezana, huku chakula kikiteremshwa kutoka nyumbani. Miongoni mwa waliowaongoza alikuwa Paulo Kajiru Mashambo wa Mamba. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi, ambao waume zao walikuwa hawaonekani nyumbani kwa ajili ya jambo hilo, waliandamana wao wenyewe kumkabili mkuu wa wilaya wakidai limalizwe. Ilipofika 1947 mbiru ilikuwa imefutwa. Profesa Isaria Kimambo aliiandika habari hii katika kitabu kidogo kilichotoka 1971, na ningependa kila shule ya sekondari kuanzia Kifaru hadi Hedaru iwe nacho.

Hebu tuangalie mwaka. Ilikuwa 1945. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na Mwafrika wa Tanganyika alipiga kura ya kuchagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza 1958. Wazee wale hawakuwa na chama wala kura wala mbunge. Walikuwa na mkulima wa Ugweno aliyekubaliana na mkulima wa Gonja juu ya dai moja, lililosemwa kwa maneno yaleyale mbele ya kila ofisa aliyetumwa kuwatuliza.

Nchi nyingine zimelijua hilo pia. Marekani ina vyama viwili vikubwa, Democrat na Republican, vinavyopokezana Ikulu yao tangu karne ya 19. Lakini wakulima wa kule hawakuvitegemea vyama peke yake. Tangu 1919 wana shirikisho lao, American Farm Bureau Federation, ambalo halisimamishi mgombea, na bado mbunge wa jimbo la wakulima hathubutu kulipuuza, awe wa chama gani. Wastaafu nao wana AARP tangu 1958. Ubaya wa kule ni fedha. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu yao iliamua kwamba makampuni na vyama vya wafanyakazi vinaweza kutumia fedha bila kikomo kunadi au kupinga wagombea, ilimradi visishirikiane na mgombea mwenyewe, na tangu hapo sauti ya mwenye mfuko mnene imezidi kuwa kubwa. Hilo tusilitamani. Ninachotamani ni ule utaratibu wa watu wenye shida moja kukaa pamoja mwaka mzima, siyo wiki sita za kampeni.

Na utaratibu huo tunao. Ndiva za milimani kwetu, yale mabwawa madogo yanayokusanya maji usiku ili yafunguliwe mashambani asubuhi, zimeendeshwa na watumiaji wenyewe vizazi kwa vizazi. Wana zamu zao, faini zao, na kiongozi waliyemchagua kwa kuwa anajua mfereji. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, ukipigwa, hakuna anayeulizwa kadi ya chama kabla ya kushika jembe. Kuna ushirika wa kahawa, kuna wakulima wa tangawizi wa Mamba Myamba, kuna vikoba vya akina mama karibu kila kitongoji, kuna vijiwe vya bodaboda vyenye mwenyekiti na daftari la michango. Haya yote ni makundi ya maslahi, kwa maana kamili ya neno hilo. Kinachokosekana ni mazoea ya kwenda mbele ya mamlaka yakiwa na dai lililoandikwa.

Fikirini mradi wa maji wa Same, Mwanga hadi Korogwe. Nyumba ya Mungu ni bwawa letu, na bado tambarare yetu ilikaa na ndoo. Kazi ya mradi ilianza 2014, ikakwama, ikaanza upya, na awamu ya kwanza ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2025. Chaguzi kuu mbili zilipita hapo katikati, ya 2015 na ya 2020, na katika zote mbili maji yalikuwa ahadi ya jukwaani. Siamini kwamba ingetuchukua miaka yote ile kama vikundi vya kina mama wa vijiji vyote vya njiani vingeandika barua moja kila mwaka kuuliza bomba limefika wapi, na kupeleka nakala kwa mbunge, kwa mkurugenzi na kwa kila chama. Sasa maji yamezinduliwa, bado yapo maswali ya bei, ya mgao na ya nani anaunganishwa. Hayo yanaulizika leo, bila kungoja mgombea.

Mahali pa kuyaulizia ni mkutano mkuu wa kijiji. Sheria imeuweka kila baada ya miezi mitatu, na mjumbe wake ni kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, mwenye chama na asiye na chama. Halmashauri ya kijiji inawajibika kwenu hapo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano huo. Mnapobaki shambani au kibandani siku ya mkutano, wachache waliokuja ndio wanaoinua mikono kuamua juu ya ardhi ya wajukuu zenu.

Ombi langu kwenu ninyi makada, wa CCM, wa CHADEMA, wa ACT-Wazalendo na wengine: msiyageuze makundi haya kuwa matawi yenu. Kikoba kikishakuwa cha chama, nusu ya wanachama watanyamaza na nusu nyingine watapiga makofi. Njoni kama majirani mnaotaka maji.

Vijana wa bodaboda, kila kampeni mnajaziwa mafuta mpeperushe bendera, kisha mnasahauliwa. Safari ijayo dai lenu la maegesho na la barabara za kupandisha milimani liwe mkononi mwa mgombea kabla ya mafuta kuingia kwenye tangi.

Na mkumbuke kwamba daftari la wapiga kura wa kitongoji ni tofauti na lile la Tume ya Uchaguzi. Mwaka 2024 wako waliodhani kadi yao ya mpiga kura inatosha. Litakapofunguliwa lile la kitongoji, kila mmoja ajiandikishe upya na amwamshe jirani yake.

Basi mkutano ujao wa kijiji ukitangazwa, njoo na wenzako wa kikundi, mketi pamoja, mwombe taarifa ya mapato na matumizi isomwe yote, na dai lenu liandikwe kwenye muhtasari kabla hamjaondoka.