Kompyuta Kuukuu na Programu Huria



Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya usalama ya Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata nyongeza ya mwaka mmoja. Tangu hapo wazazi wamekuwa wakituuliza swali lile lile: je, kompyuta ya watoto ndiyo imekwisha? Mama mmoja aliambiwa dukani aitupe yake na anunue nyingine. Kompyuta yenyewe ni nzima, kioo hakina ufa, kibodi haijapoteza hata kitufe. Ila yake ni umri tu, kwani Windows 11 hudai prosesa na kinga ya usalama ambazo mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazina. Nasi twajua fedha za kununulia mpya zimekwisha hesabiwa: karo ya mpwa huko nyumbani, dawa za bibi.

Mfumo wa uendeshaji ni mfano wa nahodha. Jahazi likiwa zima, nahodha hubadilishwa bila kuvunja ubao hata mmoja. Nahodha tunayempendekeza ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwenye umri wa miaka 21. Huitwa programu huria kwa sababu maandishi yake ya ndani yako wazi: kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyarekebisha, kuyanakili na kumpa jirani. Yako matoleo mengi. Mojawapo, lililotoka mwaka 2004, linaitwa Ubuntu, na mwalimu mzee hawezi kulipita neno hilo bila kusimama, maana ni ndugu wa damu wa neno letu "utu".

Hapa pana jambo ambalo baadhi yetu hatupendi kulitaja. Katika nyumba zetu zimo programu zilizonakiliwa bila idhini ya mwenyewe, zikafunguliwa kwa namba za kuokota. Tumezoea kusema kampuni ni tajiri, haitahisi. Lakini haki ya mtu haipungui kwa utajiri wake, na watoto wanaona. Kwa programu huria mwenye mali mwenyewe ndiye aliyeruhusu, wala hapana haja ya kutafuta hila.

Kwa anayeanza, sisi tunapendelea Linux Mint. Sura yake haimshangazi aliyezoea Windows: kitufe cha kuanzia kiko chini kushoto, mafaili yamo katika mikoba yake. Toleo la 22, lililotoka mwaka 2024, litahudumiwa hadi 2029. Firefox imo tayari kwa ajili ya intaneti, na LibreOffice kwa barua na hesabu. Kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili inapatikana pia. Kibodi ya Kiarabu huongezwa kwa kubonyeza mara chache, na maandishi huenda kutoka kulia kwenda kushoto kama yapasavyo. Tusisahau kwamba wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliifasiri OpenOffice, ambayo ni mzazi wa LibreOffice, kwa Kiswahili tangu mwaka 2004, wakaiita Jambo OpenOffice.

Hatusemi kwamba hapana taabu. Microsoft Office ya kusimikwa haikubali kirahisi, ingawa ile ya kwenye kivinjari hufanya kazi. Waraka wenye majedwali mengi ukifunguliwa katika LibreOffice huweza kupoteza mpangilio, kwa hiyo maombi ya kazi yapelekwe kwa PDF. Baadhi ya printa ni kaidi. Michezo kadhaa ya vijana, hasa ile yenye ulinzi dhidi ya udanganyifu, haitachezeka (wazazi wengine wataona hiyo ni faida). Na kama shule au chuo cha mtoto kinadai programu maalumu ya mitihani inayotaka Windows, mashine hiyo iachwe ilivyo.

Njia ya salama ni kujaribu kwanza. Linux Mint huwekwa kwenye flashi ya gigabaiti 8, kompyuta ikawashwa kutoka humo, na diski ya ndani haiguswi. Jaribu sauti, intaneti isiyo na waya, kamera na printa. Kumbukumbu ya gigabaiti 4 yatosha kwa kazi za kila siku. Usiporidhika, chomoa flashi, uiwashe upya, na Windows itarudi kama ilivyokuwa. Ukiridhika na kuamua kuisimika, nakili kwanza picha na nyaraka zote kwenye diski ya nje, maana usimikaji wa kuchukua diski nzima hufuta kila kilichomo.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya sala ya adhuhuri, tutakuwa na flashi tatu zilizokwisha tayarishwa. Kila mwenye mashine aje nayo, pamoja na chaja yake.