Halmashauri Zetu Zijue Mali Zao

Mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu tunauzingatia dukani, kwenye vikoba na hata kwenye michango ya harusi, ambako jina la aliyetoa shilingi elfu kumi haliachwi. Lakini tukifika kwenye mitaro, makalavati, taa za barabarani na mabomba, mali iliyonunuliwa kwa kodi zetu sote, tunauweka kando. Katika miji yetu mingi, ukimwomba ofisa akutajie idadi ya makalavati ya kata moja tu na hali ya kila moja, utapewa makadirio. Makadirio hayazibui mtaro.

Yafaa basi, ndugu zangu, tuseme wazi: ni wajibu wa kila halmashauri ya mji kujua ina nini, kiko wapi na kiko katika hali gani, na kuyaweka hayo kwenye ramani ya kompyuta, hiyo inayoitwa GIS, inayohuishwa mwaka hadi mwaka. Na kazi hiyo waishike watumishi wake wenyewe, maana mgeni wa mradi huja na kuondoka.

Asiseme mtu kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, mahali ambapo ramani nyingi zilikuwa zimepaacha patupu, walifundishwa kutumia vifaa vya GPS wakachora makazi yao wenyewe. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi wakafanya vivyo hivyo na wakazi wa Tandale, Dar es Salaam. Desemba ya mwaka huo mafuriko yakaipiga Dar es Salaam, watu wakapoteza maisha. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukawapeleka wanafunzi wa vyuo vikuu, pamoja na wakazi, katika kata zinazofurika, wakipima mitaro na kuiingiza kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote ana ruhusa ya kuisoma na kuirekebisha. Walioifanya kazi ile walikuwa vijana wetu hapa hapa, wenye simu mkononi na tepu ya kupimia.

Kazi yenyewe inataka utulivu. Kijana anasimama ukingoni mwa mtaro na kufungua fomu kwenye simu. Bando si lazima, kwa kuwa programu kama ODK huhifadhi taarifa ndani ya simu hadi jioni atakapopata mtandao. Kwanza anasubiri. Simu iliyotoka tu mfukoni inaweza kukosea mahali kwa makumi ya mita. Akitulia penye uwazi, mbali na maghorofa, kosa hushuka hadi kama mita 5. Mwenye haraka huuweka mtaro juu ya paa la jirani. Kisha anapima upana na kina, anapiga picha, anajibu maswali: umejengwa kwa nini, una mfuniko au hauna, mchanga umejaa kiasi gani. Majibu ayachague kwenye orodha, asiyaandike apendavyo. Mmoja akiandika "zege", mwenzake "saruji" na wa tatu "simenti", kompyuta itahesabu aina tatu za mitaro, na mhandisi atamaliza wiki akisafisha orodha badala ya kusafisha mitaro. Swali la mwisho ndilo husahaulika: maji yanatoka wapi na yanamwagwa wapi? Mtaro mzuri wa zege unaoishia kwenye ukuta wa mtu huleta mafuriko, na kwenye orodha ya karatasi unaonekana mzima kabisa.

Kuna na mtego wa kitaalamu unaostahili kutajwa hata kwa msomaji asiye mpima. Ramani nyingi za zamani za upimaji nchini Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa kuonyesha mahali uitwao Arc 1960, na simu zetu hutumia WGS 84. Ukizipandanisha bila kugeuza mfumo, vitu vinahama kwa karibu mita 300. Mjini, mita 300 ni mtaa mwingine kabisa, na pengine mjumbe mwingine. Kwa hiyo mpima wa halmashauri aitwe kwenye kikao cha kwanza, asingojwe mambo yaharibike.

Na yule fundi mzee wa maji? Kila mji unaye. Anajua valvu ipi ilifunikwa na lami, na bomba lipi lilipindishwa miaka ile kuukwepa mzizi wa mwembe. Akistaafu, ramani inaondoka naye. Kabla hajaagwa kwa hotuba na zawadi ya mabati, apite mtaa kwa mtaa pamoja na kijana mwenye simu, tena alipwe posho ya mtaalamu, kwa kuwa ndiye mtaalamu.

Tena mali hizi zimegawanywa kwa ofisi nyingi: barabara nyingi za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA tangu 2017, maji yana mamlaka zake, umeme uko TANESCO, taka ni za halmashauri. Mgawanyo huo hauna ubaya. Ubaya ni kila ofisi kufungia michoro yake kabatini, ndipo lami mpya inapopasuliwa kwa sululu kupitisha bomba ambalo lingelazwa mapema.

Tutaambiwa fedha hakuna. QGIS, programu ya kuchorea ramani, inapatikana bure. Simu watendaji wa mitaa wanazo. Kinachotaka fedha ni siku za watu, na ofisa mmoja wa kuishika kazi hiyo. Hapo ndipo mipango mingi inapofia: fungu la kukusanya hupatikana, la kuhuisha halipatikani. Ramani ya miaka mitano iliyopita, katika mji unaojengwa usiku na mchana, ni ya hatari kuliko kukosa ramani, kwa sababu watu huiamini.

Uwezo tunao. Februari 2022 serikali ilizindua operesheni ya Anwani za Makazi, na kabla ya sensa ya 23 Agosti mwaka huo watu walikuwa wakizunguka nchi nzima kuipa mitaa majina na nyumba namba. Ikiwa nyumba imepata namba, nguzo ya taa inashindwaje? Namba ikipakwa kwa rangi kwenye nguzo, mama ntilie anayefunga biashara usiku atapiga simu ataje nguzo isiyowaka, na fundi ataifuata moja kwa moja bila kuuliza njia. Jina wala simu ya mwenye nyumba iliyo jirani na nguzo havihitajiki. Tusikusanye tusichokitumia, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo.

Waheshimiwa madiwani, msipitishe bajeti ya mitaro mipya kabla ya kuonyeshwa ramani ya iliyopo. Nawe msomaji, mwenyekiti wa mtaa akiitisha mkutano, nenda ukaulize: mitaro yetu imo kwenye ramani? Nani anaihuisha? Fungu lake ni shilingi ngapi? Na uhakikishe majibu yameandikwa kwenye muhtasari.