Mawe ya Ukingoni

Tukitoka Karatu na kupanda hadi ukingo wa Kreta ya Ngorongoro, tunaona kando ya barabara mnara mdogo wa mawe, umejengwa kama piramidi.

Hapo amelala Michael Grzimek, Mjerumani aliyehesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege pamoja na baba yake, Bernhard. Januari 10, 1959, ndege iligongana na tumbusi, Michael akafa akiwa na miaka 24. Baba alipofariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa yazikwe kando ya mwanawe.

Mwaka huohuo wa 1959, Wamasai waliokuwa wakiishi Serengeti walihamishiwa Ngorongoro ili wanyama wabaki peke yao. Mawe haya hayawataji. Tuwasimulie watoto wetu habari zote mbili: za mzazi aliyefiwa, na za akina mama waliofunga mizigo wakahama.