Mtoto wa Kituo Naye Ana Kwao

Mwezi huu tuzungumze juu ya watoto wanaolelewa vituoni. Wengi wetu huwasaidia kwa moyo mweupe, lakini ni mara chache tunakaa chini na kufikiri juu yao.

Juzi alikuja kliniki mama kijana mwenye mimba ya kwanza. Kama ilivyo desturi tulimwuliza: Je, upande wa mama yako kuna presha? Kisukari? Selimundu? Kuna aliyezaa mapacha? Akainamisha kichwa, akasema, "Nesi, hapo pote piga mstari. Mimi nimekulia kituoni." Tukapiga mstari. Huyu dada ana afya njema, amesoma, ana mume na kazi. Kituo kilimlisha na kumsomesha, naye anakishukuru. Ila hajui mama yake aliitwa nani, wala kama ana ndugu. Ametupa ruhusa tulisimulie jambo hili.

Maneno yake yametukumbusha habari ya watoto wa Uingereza. Kwa muda wa miaka mia moja hivi, tangu 1869 hadi kukaribia 1970, makanisa na mashirika ya hisani ya nchi ile yalichukua watoto vituoni na kuwapeleka kwa meli nchi za mbali. Kanada peke yake ilipokea zaidi ya 100,000. Wengine walipelekwa Australia, New Zealand, na hata huku Afrika, Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe. Waliopanga safari hizo waliamini wanawapa watoto maskini maisha mapya.

Lakini wengi wa watoto hao hawakuwa yatima. Mama alikuwa mjane, au amezaa nje ya ndoa, akampeleka mtoto kituoni akitumaini kumchukua mambo yakitengemaa. Wako waliorudi wakaambiwa mtoto amekwisha kupata familia njema. Mtoto naye, huko ng'ambo, akaambiwa mama yake amekufa.

Mwaka 1986, Bi Margaret Humphreys, mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika mji wa Nottingham, alipokea barua ya mwanamke aliyekuwa Australia. Alieleza kwamba alipandishwa meli akiwa na miaka minne, bila mzazi, akaomba asaidiwe kujua yeye ni nani. Bi Humphreys akatafuta, akakuta mama wa mwanamke yule yu hai. Mwaka uliofuata alianzisha shirika la kuwatafutia watu kama hao jamaa zao.

Waliokulia katika vituo vile walisimulia mengi. Walikumbuka viboko, na kazi ngumu za shamba na ujenzi, kama kule Bindoon, magharibi mwa Australia. Wengine walinajisiwa na watu waliopaswa kuwalea. Ndugu wa tumbo moja walitenganishwa. Tena wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa wala picha ya mama. Watu wenye wajukuu walikuwa bado wanauliza, "Kwa nini mama aliniacha?" Ng'ambo ya pili mama alikuwa akiuliza, "Mwanangu yuko wapi?" Baadhi walikutana wakiwa wote na mvi. Wengine walifika wakaonyeshwa kaburi.

Tarehe 16 Novemba 2009 Waziri Mkuu wa Australia, Kevin Rudd, aliwaomba radhi. Gordon Brown wa Uingereza akafanya hivyo tarehe 24 Februari 2010. Mwaka 2019 serikali ya Uingereza ilianza kuwalipa waliokuwa hai pauni 20,000 kila mmoja. Fedha husaidia, lakini haimrudishii mtu utoto wake.

Tusiseme hayo ni ya Wazungu. Sisi wenyewe wa umoja wa wanawake tumekwenda vituoni na mchele, sabuni na mafuta, tukaimba, tukapiga picha, tukaondoka. Siku moja mtoto alitushika kitenge akauliza, "Mama yangu anakuja lini?" Nasi, ili asilie, tukamjibu, "Atakuja, mwanangu." Hatukujua lolote. Jibu lile linatuchoma mpaka leo.

Basi tufanye nini?

Kwanza, kabla mtoto hajapelekwa kituoni, tuulize: Hana bibi? Hana shangazi au mama mdogo? Pengine bibi anashindwa maziwa na sare za shule tu. Msaada wetu umfuate mtoto huko huko kwao.

Pili, ikiwa hapana budi aende, asiende mikono mitupu. Aende na kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, picha, na daftari lenye majina ya wazazi, kijiji, ukoo na magonjwa ya nyumbani kwao. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa haki ya kuwajua wazazi na ukoo wake.

Tatu, ndugu wasitenganishwe, na jamaa wahimizwe kumtembelea.

Nne, tusimdanganye mtoto. Tuseme, "Hatujui, mwanangu, lakini tutauliza." Kisha tuulize kweli.

Tano, mwanao akioa binti aliyekulia kituoni, usiruhusu aambiwe hana kwao. Kwako ndiko kwao sasa.

Someni Kutoka sura ya 2. Musa alilelewa katika nyumba ya Farao, asikose chakula wala mavazi. Lakini dada yake alisimama akaangalia kikapu kinakwenda wapi, na mama yake ndiye aliyemnyonyesha. Kwa hiyo alipokuwa mtu mzima aliwajua ndugu zake. Watoto wa vituoni nao wanahitaji mtu wa kusimama kando ya mto.

Mama kijana yule atajifungua mwezi ujao. Tumempa daftari aanze kumwandikia mtoto wake habari za nyumbani. Ukurasa wa bibi mzaa mama bado ni mweupe. Tumeahidi kufuatana naye kituoni kuuliza kama faili lake bado lipo. Tuombeeni.