Treni ilijaa watalii, mwenye kijiji akabaki stesheni

Hebu nikuulize. Ukipewa saa tano katika mji usioujua, huna mwenyeji, simu iko asilimia 40, na ukichelewa kidogo tu meli inang'oa nanga bila wewe, utaenda wapi?

Mimi nilienda kupanda treni.

Mnaonisoma hapa kila mara mnaijua stori yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikuwa imekwama, na badala ya kukaa Magongo nikihesabu malori yanayoingia bandarini nikatafuta vyeti vya ubaharia na nikaingia meli ya watalii. Kazi? Kuosha vyombo. Na usifikirie vile vyombo vya nyumbani. Sahani za watu zaidi ya elfu tatu, asubuhi, mchana na jioni, na hao watu wanakula hata usiku wa manane. Kwa hivyo zile picha zangu za Italia mlizokuwa mkiweka moyo chini yake, jueni zilipigwa katikati ya zamu mbili. Mikono ilikuwa bado inanuka sabuni.

Tulitia nanga La Spezia, mji wa bandari kaskazini magharibi mwa Italia. Kwenye meli kila mtu alikuwa anaimba wimbo mmoja: Cinque Terre. Maana yake ni Nchi Tano, lakini ni vijiji vitano tu vilivyobandikwa kwenye majabali juu ya bahari: Riomaggiore, Manarola, Corniglia, Vernazza na Monterosso. UNESCO iliviweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997. Abiria waliolipia safari ya kupangwa na meli walipakiwa mabasi na kiongozi mwenye kibendera. Sisi wa jikoni hatuna hela hizo. Kutoka lango la bandari nikakata mji kwa miguu, kama nusu saa hivi, hadi stesheni kuu.

Nikwambie ukweli kuhusu hiyo treni, manake siku moja utaenda na hawa wa mitandao hawatakwambia. Usitarajie kukaa dirishani ukitazama bahari mpaka ufike. Sehemu kubwa ya njia ni mahandaki. Giza, giza, halafu ghafla bahari inakupiga usoni sekunde tatu, halafu giza tena. Reli yenyewe ilichongwa mlimani miaka ya 1870, na kabla ya hapo watu walifika kwa mashua au kwa vijia vya nyumbu. Msimu wa wageni treni hupita mara kwa mara, na kutoka La Spezia hadi kijiji cha kwanza ni chini ya dakika kumi. Ukiwa na tiketi ya karatasi uigonge kwenye kile kimashine cha stesheni kabla ya kupanda, la sivyo utalipa faini huku ukijieleza kwa Kiingereza kibovu. Na usiache Corniglia iwe ya mwisho kama una haraka. Stesheni iko chini, kijiji kiko juu ya mwamba, na katikati kuna ngazi zaidi ya 370. Mimi niliziangalia tu nikasema inshallah safari nyingine.

Lakini sikuandika haya kukufundisha kupanda treni.

Siku ile tulikuwa meli mbili bandarini. Jukwaa la stesheni lilikuwa limefurika kama feri ya Likoni saa kumi na mbili jioni. Kofia, mikoba ya mgongoni, vijiti vya kupigia picha. Treni ikaja, milango ikafunguka, na sisi tukaingia vile tunavyojua, kwa viwiko. Mimi nimekulia kwenye matatu za Changamwe, nilipata nafasi nzuri sana. Nikageuka kupiga selfi. Kwenye picha hiyo, ambayo bado ninayo na sijawahi kuiweka mahali, nyuma ya sikio langu anaonekana mama mzee. Ana gauni la maua na kile kikapu cha magurudumu ambacho akina mama wa huko hukokota wakitoka sokoni. Mboga zimechungulia juu. Ameinua mguu kuingia, hakuna pa kukanyaga, na mlango unafungwa.

Hakupiga kelele. Hakutikisa kichwa hata. Alirudi nyuma hatua moja akasimama, kama mtu aliyeachwa na treni hiyo mara nyingi na anajua ya pili nayo itakuwa hivyo hivyo. Yeye alikuwa anaenda nyumbani kwake. Mimi nilikuwa naenda kuangalia nyumbani kwake.

Nilishuka Vernazza, ambako jukwaa lenyewe limemezwa na handaki upande mmoja, ukitoka nje unahisi umezaliwa upya. Ni pazuri, sitakudanganya. Kanisa limekaa ukingoni kama lilitaka kuogelea likaghairi. Mashua zimefungwa hapo chini, nyumba za rangi ya embe na waridi, samaki wadogo wa kukaanga wanauzwa kwenye karatasi iliyokunjwa kama zetu za njugu. Lakini yule mama alikuwa amenikaa kichwani, kwa hivyo nikaanza kuangalia milango badala ya bahari. Mlango baada ya mlango una kijisanduku kidogo cha chuma chenye namba. Ndani mna ufunguo. Mgeni anatumiwa namba kwa simu, anafungua, analala, anaenda. Hakuna mtu wa kumwambia karibu. Eneo lote la vijiji hivyo lina wakazi kama elfu nne tu, na kwa mwaka wageni wanapita zaidi ya milioni mbili. Piga hesabu mwenyewe.

Ukiinua macho unaona matuta, mlima wote umekatwa ngazi ngazi na kuzuiwa kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila simenti. Humo ndimo walimolima mizabibu kwa karne nyingi, na hayo matuta ndiyo yaliyowapa urithi wa dunia, wala si hizo selfi zetu. Ukuta wa mawe unataka mtu wa kuurudishia jiwe kila linapoanguka. Watu wakiacha kulima, ukuta unalegea, na mvua kubwa ikija mlima unakuja nayo. Tarehe 25 Oktoba 2011 mafuriko na tope vilishuka Vernazza na Monterosso, Vernazza ikafukiwa mpaka ghorofa za chini, na watu watatu wa hapo wakafa. Mvua ilikuwa ya kutisha, ni kweli. Lakini mlima usio na mkulima unateremka upesi zaidi.

Sasa hapa ndipo wasee wangu wa Mombasa huniambia, "Wewe unalia nini? Hao wamejaa pesa! Sisi tungepata meli mbili kwa siku tungeomoka."

Ngoja. Niambie nani anajua pesa za watalii wa meli kuliko mtu anayeosha sahani zao. Siku za bandarini, wakubwa wetu walikuwa wanategemea mchana uwe mwepesi, kwa sababu watu wametoka. Saa nane, saa tisa hivi, sinki linajaa upya. Wanarudi wamechoka, wamechomwa na jua, wana njaa, na chakula cha melini walishakilipia tangu nyumbani. Kwa nini anunue sahani kijijini? Na usinione mtakatifu: mfukoni nilikuwa na mikate miwili niliyoibeba kutoka meza ya wafanyakazi. Vernazza nilinunua kahawa moja, nikaomba na choo. Maji yao, taka zao, ngazi zao, choo chao. Kahawa moja. Kama wote tuliovamia stesheni siku ile tulikuwa kama mimi, na wengi walikuwa kama mimi, basi kijiji kilipata msongamano, pesa zilibaki melini.

Ninaposema hivi sina maana watalii wafukuzwe. Mimi nimelishwa na utalii, na nusu ya mtaa wetu inalishwa nao. Ninachokataa ni ile ndoto yetu ya kudhani idadi ya meli ndiyo maendeleo. Tuna kituo kipya cha kupokelea abiria wa meli pale Kilindini, kizuri, kinang'aa. Meli ikiingia tunacheza ngoma, runinga zinarusha, wageni wanapandishwa magari wanakwenda Tsavo au wanatembezwa Fort Jesus, jioni wanarudi kula. Halafu?

Na kila ninapoweka picha ya ile treni kuna mtu ataandika, "Lini Pwani tutapata kama hii?" Swali zuri, ila tunaliuliza kinyume. Reli yetu tangu 1896 ilipoanzwa inaipa bahari mgongo, inakimbilia bara. Madaraka Express inakushusha Miritini. Hakuna reli ya kwenda Kilifi, hakuna ya Malindi, hakuna ya Diani. Lakini mtu wa kwanza ninayemwona akiihitaji siye mgeni wa saa nane. Ni mwanafunzi wa Mtwapa anayelala kwenye foleni ya barabara ambayo wanaipanua miaka sasa. Ni mama wa samaki Takaungu anayengoja matatu ya Malindi pale njia panda na kondakta anamwangalia na ndoo yake anapita. Kile tunachopaswa kuwaiga Waitaliano ni hiki: nauli ya mgeni hupanda siku za msongamano, na mwenyeji wa mkoa ana bei yake ya chini. Hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili. Ila kwetu mimi ningeanzia na kitu kimoja. Tutenge behewa moja la mtu mwenye kikapu. Moja tu.

Venice, nchi hiyo hiyo, walifika wakakataa. Agosti 2021 meli kubwa zilizuiwa kupita katikati ya mji wao, na mwaka 2024 wakaanza kutoza ada wageni wa siku moja. Sisi bado tunasubiri msongamano ndio tufikirie. Kama tutajenga chochote, sheria itangulie meli: siku gani, meli ngapi, wageni wangapi kwa kijiji. Chakula cha mchana cha kila safari ya kupangwa kiliwe kijijini, kwa sufuria ya kijijini. Hilo halihitaji reli. Linaweza kuanza na basi, kesho.

Unajua kwa nini linaniuma? Nyanya yangu yuko Takaungu. Kile kijiji cha hori kusini mwa Kilifi, ambako Wamazrui walihamia walipoondolewa Mombasa mwaka 1837. Nyumba yake ni ya mawe na makuti, ukuta mmoja umepinda, na kutoka uani unaona maji. Mwaka huu kuna mnunuzi amekuja mara tatu. Anataka kujenga vyumba vya wageni. Bei aliyotaja ilimfanya mjomba wangu anywe maji glasi mbili mfululizo.

Tulikaa kikao cha familia mwezi uliopita. Mjomba akasema mji unakuja, tusipouza sisi watauza majirani, tutabaki na ukuta uliopinda katikati ya mahoteli. Hoja yake si ya kijinga. Ana watoto wawili sekondari, na mimi ndiye mfano hai wa kinachotokea karo ikikwama. Nilipomaliza kuzungumza kuhusu vile vijisanduku vya funguo aliniuliza, "Sasa wewe uliyezunguka dunia, umerudi na nini?" Nikanyamaza, manake nilirudi na simu mpya na mgongo unaouma.

Nyanya alikuwa anachambua mchele. Akauliza tu, "Wakijenga vyumba, mimi nitalala kipi?" Hakuna aliyemjibu.

Msimamo wangu niliutoa na ninaurudia hapa mbele yenu. Tukodishe chumba kimoja cha uani, tukipige rangi, mgeni alale, ale wali wa nazi wa nyanya, alipe vizuri, na asalimie kila asubuhi kama mtu mwingine yeyote aliyelala kwa watu. Nyumba tusiuze. Pesa ya chumba itakuwa ya polepole, najua, na karo haijui polepole. Kwa hilo nimeahidi kurudi baharini mkataba mmoja zaidi, miezi tisa, ili wale wawili wamalize shule. Mjomba hajasema ndiyo. Amesema tutaona. Mnunuzi ameambiwa arudi baada ya Ramadhani.

Kwa hivyo kama wikendi hii unapanga kwenda kupiga picha Vuma na kupitia Takaungu, karibu sana, na sikutanii. Panda matatu mapema kabla akina mama hawajaanza kurudi kutoka sokoni. Chakula usibebe. Mpishi yuko, uliza tu kwa nyanya mwenye ukuta uliopinda. Na ukifika njia panda ukamkuta mtu na ndoo, mwache apande kwanza.