Lobito inasifiwa, reli ya Kalemie inangojea

Kila mara serikali inapozungumuzia kusafirisha mizigo kwa bei ndogo, jina linalorudi ni Lobito. Ndiyo njia ya kupeleka shaba na kobalti ya Kolwezi mpaka Atlantiki, kule Angola. Mwaka 2023 Marekani na Umoja wa Ulaya walitia sahihi kuiunga mkono.

Lakini mama anayeuza ndagala Kalemie hana mzigo wa Lobito. Yeye anategemea reli ya Kabalo, iliyofika kwenye ziwa tangu 1915. Treni ikikosekana, ndagala na muhindi vinapanda kamiyo: tope, mazuti, siku nyingi mu njia. Yote hayo yanaingia mu bei ya soko.

Hapo ndipo siasa ya usafiri inachechemea. Treni inabeba tani nyingi kwa mazuti kidogo, na ng'ambo ya ziwa iko Kigoma, ambako reli ya Dar es Salaam inafika. Kazi ngumu ya kupasua njia ilishafanywa zamani, inabaki kutengeneza. Ila kobalti ina wanunuzi wa ngambo wenye makuta, ndagala haina. Kwa hiyo wabunge wa Tanganyika waulizwe: mu bajeti, Kabalo–Kalemie inapata ngapi?